Kireno Kilichotupwa Mtoni

Machi 1973 Zulmira Bernardo alishuka melini Mtwara akiwa na sanduku la mbao, madaftari mawili matupu, na lugha mbili za kigeni alizokuwa amezisoma kwa miezi minane. Mtaa wetu wa Magomeni, ule wa Mtwara, ulimpokea kama unavyompokea mtu aliyetoka hospitali: walimkagua macho, wakamshika mkono, wakauliza kama bado inauma. Agnes, mke wa karani wa forodha, mama wa bara asiyependa kupitwa na jambo, alitaka kujua Kifaransa ni kitu cha namna gani. Zulmira akamwambia ni lugha inayosemwa nusu kwa mdomo, nusu kwa pua. Agnes akaridhika kabisa. Alikuwa na mtoto mwenye mafua ya kudumu, na kuanzia siku hiyo akamtazama mtoto yule kwa matumaini mapya.

Lugha ya pili ilikuwa Kireno, na hiyo Agnes hakuiuliza. Magomeni hakuna aliyehitaji kuelezwa Kireno ni nini. Vita vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na waliovikimbia walikuwa wakipanga vyumba nyuma ya nyumba zetu.

Wakubwa wa chuo alichosoma Zulmira huko Dar es Salaam walikuwa wameamua kwamba taifa changa linahitaji vijana wa kusema na jirani. Siku jirani wa kusini akimfukuza Mreno, walisema, lazima awepo mtu wa kumkaribisha kwa lugha atakayoielewa. Kwamba sisi na jirani huyo tulikuwa tunasemezana Kimakonde, Kimakua na Kiyao kuvuka mto huo tangu kabla Mreno hajajua njia ya kuja, jambo hilo halikuwamo kwenye mtaala. Wasomi hawapendi daraja ambalo hawakulijenga wao. Nasema hivi bila chuki. Nilikaa kwao muhula mmoja na nusu, chakula kilikuwa kizuri.

Basi sharti la mwaka wa kwanza lilikuwa hili. Kila anayesoma lugha mbili atatumia likizo ndefu kukusanya mazungumzo kutoka vinywani mwa watu walio hai, daftari moja kwa kila lugha, kila neno alisikie kwa masikio yake. Mwezi Mei mhadhiri atawapitia wanafunzi huko waliko na kutia sahihi. Ukikosa sahihi moja, lugha zote mbili zimekwenda, na mwaka wa pili utausikia kwa wenzako. Aliyelitunga sharti hilo bila shaka aliamini kwamba kila Mtanzania ana Mfaransa wake pale kona, karibu na duka la mafuta ya taa.

Ajabu ni kwamba Zulmira alimpata wake. Mikindani kulikuwa na fundi cherehani, Omari, Mngazija aliyefanya kazi miaka kumi katika duka la Wafaransa huko Majunga kabla hajatua kwetu. Kifaransa chake kilikuwa safi kama shati la Idi, ila kilijua jambo moja tu: kusifu. Alijua namna kumi na nane za kumwambia mteja amepungua mwili. Alijua kumwambia mama mwenye kiuno cha pipa kwamba kitambaa ndicho kilichokosea. Zulmira alipanda baiskeli kwenda kwake kila Jumatatu na Alhamisi, akakaa chini ya picha za mitindo iliyopitwa na wakati, na kwa wiki mbili daftari la Kifaransa likajaa sifa hadi jalada la nyuma. Hakuna mwanadamu mnene ndani ya daftari lile.

Kazi ikabaki Kireno, na Kireno kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe, kimekaa kwenye kiti cha kamba, kinavuta sigara ya msokoto, na hakitaki kusema.

Baba yake, mzee Bernardo, alizaliwa ng'ambo. Miaka tisa alilima shamba la mkonge la Mreno, si kwa kuomba kazi bali kwa kukamatwa nayo. Mwaka 1951 alivuka Ruvuma kwa mtumbwi, yeye na wenzake watatu, na walipofika katikati alitema mate majini mara moja. Katika mate yale, husema, kilikuwamo Kireno chake chote. Wenzake nao wakatema. Tangu hapo wote wanne wamekuwa makuli wa bandarini, wamebeba korosho kiasi cha kuijaza Ulaya, na hakuna aliyewasikia wakitamka hata neno moja la lugha ile. Mwanawe alimpa jina la Kireno kwa sababu lilikuwa jina la mama yake mzazi, na mama mzazi hatemwi.

Alipompeleka binti chuoni alidhani anakwenda kusomea udaktari. Aliposikia ni Kireno hakugomba. Alisema neno moja tu, nalo lilimfuata Zulmira hadi Dar es Salaam.

"Mimi nilimkimbia nyoka," alisema, "wewe umekwenda chuo kujifunza kupiga mluzi kama yeye."

Sasa binti amerudi na daftari, na kila siku anaomba. Akimwandalia maji ya kuoga anaomba. Akimpelekea ugali wa muhogo anaomba. Akamweleza yote, sahihi, mhadhiri, mwaka wa pili. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akazima sigara kwa kisigino.

"Kireno changu kiko mtoni. Nenda kamwombe mamba."

Akaenda kwa wale watatu. Mkubwa wao wa umri alikuwa Armando, mzee mrefu asiyeonekana bila kofia yake ya ukindu, hata kanisani padri alishachoka kumsema. Armando alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwambia kwamba Bernardo ndiye aliyetema wa kwanza, na si adabu mtu wa pili kukiokota alichotema wa kwanza. Wengine wawili walisema kama Armando, kwa maneno machache zaidi.

Aprili ikaanza, mvua zikazidi, daftari likiwa jeupe kama siku lilipotoka dukani. Hapo ndipo Zulmira alipokwenda kwa Sabina.

Sabina alikuwa Mmakua, muuza vitumbua, mjane mwenye sauti ya king'ora, na alikuwa mtani wa Wamakonde wote wa Magomeni, Bernardo na wenzake wakiwemo. Huko kwetu utani si mchezo wa kupoteza muda. Mtani ana haki ambayo polisi hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako akamchinja, akalala mlangoni mwako hadi umkomboe, na ukikasirika wewe ndiye unayetozwa faini. Mkewe Bernardo alipozikwa, Sabina aliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, akajinyoosha, akasema kama marehemu ameondoka na sufuria yake ya kuazima basi yeye hatoki hadi irudi. Alitolewa kwa jogoo mmoja. Bernardo, aliyekuwa hajalia wala kula kwa siku mbili, alicheka hadi akalia, na jioni ile akala.

Sabina alisikiliza shida ya Zulmira huku akigeuza vitumbua. Alichouliza ni kama chuo hicho kina choo, kwa sababu wasomi wote anaowaona wana sura za watu waliobanwa. Kisha akasema Jumapili baada ya misa atakuja.

Jumapili ile wazee wanne walikuwa uani kwa Bernardo wakinywa togwa. Sabina aliingia amevaa sufuria kichwani, mto wa kulalia ameufunga tumboni kwa kanga, mkononi ana mwiko wa ugali. Akamwondoa Bernardo kwenye kiti cha kamba kwa kumsukuma na makalio, akakaa yeye, akatanua miguu.

"Mimi ndiye Mreno," akatangaza. "Leteni watu wangu. Nyinyi wala panya, simameni, mshahara wenu umeliwa."

Kisha akaanza kutoa amri kwa lugha aliyoitunga hapo hapo, sauti za bata na za pampu ya baiskeli. Wale watatu walimtazama Bernardo. Bernardo alikunja uso, akakumbuka faini, akaukunjua. Sabina akaendelea. Akanyanyua mwiko, akamfokea Armando kibata, akalalamika kwamba tumbo la Ureno ni zito na linataka kukandwa.

Na hapo Bernardo akaudhika kweli, lakini si kwa namna mtu angetazamia. Kilichomuudhi ni kazi mbovu. Alikuwa mtu aliyekaa miaka tisa mbele ya kitu, halafu anakitazama kikiigizwa na asiyekijua.

"Sivyo," akasema. "Hakukaa hata siku moja kama mama mja mzito. Alisimama. Leta mwiko."

Akauchukua mwiko, akasimama, kifua mbele, kidole gumba ndani ya mkanda. Na sauti ikatoka. Haikuwa sauti yake. Zulmira, aliyekuwa kibarazani, daftari amelificha mgongoni, alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba uliyodhani ina wewe tu. *Levanta.* Simama. *Depressa.* Haraka. *Cala-te.* Nyamaza. Wazee walikuwa wanacheka, wanapigana mabega, Sabina sufuria imemdondoka kwa kicheko, na Bernardo akazidi kupaza, *Tira o chapéu*, vua kofia.

Armando akavua.

Hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, na kofia ikawa kifuani, na upara wake, ambao Magomeni nzima haijapata kuuona, ukang'aa mbele ya watu. Aliacha kucheka. Akautazama mkono wake kama mkono wa mwizi. Bernardo aliuona upara ule, mwiko ukashuka taratibu.

Hata Sabina aliufungua mto tumboni bila kutania, jambo ambalo linapaswa kuandikwa katika historia ya mkoa.

Kisha Bernardo akamwendea Armando, akaichukua kofia kifuani, akamvisha kichwani, akaikandamiza hadi masikioni. Akageuka kibarazani.

"Unajificha nini? Kaa hapa. Andika. Andika yote."

Ilichukua Jumapili tano. Mmoja akitaja amri, mwenzake anakumbuka iliyofuata, na wa tatu anakumbuka kilichompata aliyechelewa kuitii. Zulmira aliandika kila kitu, Kireno upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia. Alfajiri ya kuitwa mstarini. Kubeba, kurudia, kupakua, kuanza tena. Maneno ya kupimia kazi, maneno ya fimbo, majina ya wanyama ambayo watu waliitwa. Daftari likafika mwisho na wazee bado wana akiba.

Katikati ya Mei akaja mhadhiri. Aliitwa Dakta Kasiani, mtu wa mikoa ya mbali, mpole, mwenye miwani na tai, aliyekisomea Kireno Brazili na kukipenda kama watu wanavyopenda sehemu walikokuwa vijana. Alifika Magomeni kwa Landrova ya kuazima, akakaribishwa kibarazani, akaletewa vitumbua vya Sabina. Alifungua daftari la Kifaransa kwanza. Alisoma sifa za Omari akitabasamu, akajitazama tumbo, akatia sahihi.

Akafungua la pili. Alisoma kurasa nne, akaruka hadi katikati, akaruka hadi mwisho. Akavua miwani.

"Mazungumzo yako wapi?"

"Ndiyo hayo, Dakta."

"Hizi ni amri. Mazungumzo ni mtu kumwambia mwenzake neno, na mwenzake akamjibu la kwake. Hapa anasema mmoja tu."

"Ndiyo," Zulmira akasema. "Alikuwa anasema mmoja tu."

Mhadhiri hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alieleza kwa upole kwamba bodi ya mtihani haitaelewa. Hakuna salamu ndani ya daftari zima, hakuna tafadhali, hakuna asante, hakuna mtu anayeuliza hali ya hewa. Akatoa kitabu mkobani chenye picha ya watu wawili mkahawani. Akasema atamsomea ile sura ya mkahawa, kurasa mbili tu, yeye aziandike kwenye karatasi ya kubandika mwishoni, na waseme mzee ndiye aliyezisema.

"Hakuzisema."

"Zulmira, ni kurasa mbili. Huu ni mwaka wako mzima."

"Mwaka ni wangu, Dakta. Kurasa ni zao."

Dakta Kasiani akafikiri. Alikuwa mwaminifu kwa namna yake, na akaipata njia aliyodhani ni ya kiungwana: kama mzee atazisema kweli, kwa kinywa chake, hapo hapo, basi uongo hautakuwepo. Akashuka kibarazani kwenda uani, ambako wazee wanne na Sabina walikuwa wamekaa wakijifanya hawasikii. Akasimama mbele ya Bernardo, akainamisha kichwa, akasema kwa Kireno laini kama siagi:

"*Boa tarde, senhor.*"

Armando alishika kofia yake kwa mikono miwili isije ikajivua yenyewe. Wale wawili waliangalia mlango. Bernardo alimgeukia binti yake, aliyekuwa amefuata nyuma, akauliza mgeni anataka nini. Zulmira akasema anamsalimu.

"Ameniita nani?"

"Bwana."

"Mimi?"

"Wewe, baba."

Mzee alilipima jambo hilo. "Mwambie kakosea. Bwana alikuwa yule mwingine."

Mhadhiri akaeleza, sasa kwa Kiswahili, na kwa haki hakuficha lolote. Anamwomba mzee arudie maneno machache baada yake. Akiyasema, atatia sahihi, na Zulmira atarudi chuoni Julai. Asipoyasema hakuna sahihi, na hakuna Julai. Akatamka pole pole, "*Um café, por favor*", akasubiri kama fundi anavyosubiri mteja aingize mkono kwenye shati.

"Maana yake nini?" Bernardo akamwuliza binti.

"Naomba kahawa."

"Kahawa ya nani?"

Dakta akasema si ya mtu, ni ya kwenye kitabu. Sabina akanong'ona, kwa kiasi cha kusikika hadi bandarini, kwamba sasa ameelewa kwa nini wasomi wamekonda.

Bernardo hakucheka. Alikuwa anamtazama Zulmira. Alimtazama kama mtu anayepima gunia kabla ya kulinyanyua, na kila mtu pale uani alijua gunia hilo lina nini ndani. Neno moja la mkahawa, na mtoto anakwenda. Ameyatamka mabaya zaidi kwa sauti ya Mreno. Je, hili la upole hatalitamka kwa ajili ya mwanawe? Midomo yake ilianza kujipanga.

"Baba," Zulmira akasema, "usiseme kwa ajili yangu."

Midomo ikaacha. Mzee akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ndani ya daftari lile, kuna mahali pameandikwa sitaki?

Zulmira akalifungua. Akapita kurasa zote, kidole kikishuka upande wa kulia, wa Kiswahili. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Simama, beba, nyamaza, rudi, vua, tena, tena. Akafika jalada.

"Hakuna, baba."

"Miaka tisa nimeishi ndani ya lugha ile. Neno hilo hawakunipa. Wewe umeisoma mwaka mmoja. Unalo?"

"Ninalo."

"Nipe."

Akamwinamia, akamwambia sikioni. Mzee akalijaribu kwa sauti ya chini mara mbili, akiichezesha pua, maana nalo lina pua ndani yake. Kisha akamgeukia Dakta Kasiani. Hakusimama. Hakupaza. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kila siku, ya kuagiza chumvi.

"*Não quero.*"

Mhadhiri alibaki na kitabu chake mkononi. Zulmira akaliweka daftari mbele yake, ukurasa wa ndani wa jalada, mahali pekee palipokuwa bado peupe, na kalamu juu yake.

"Umemwambia neno, Dakta," akasema. "Naye amekujibu la kwake."

Unaweza kumwambia mwalimu kwamba amevaa tai mbovu na akakusamehe, lakini ukimrudishia kanuni yake mwenyewe hana pa kwenda. Dakta Kasiani alisoma tena amri chache. Akamtazama Armando, ambaye bado alikuwa ameshikilia kofia. Kisha akachutama pale pale uani, suruali ya nchi ya mbali ikagusa tope la Magomeni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: mstari mmoja alichosema yeye, mstari wa pili alichojibiwa. Chini akatia sahihi na tarehe. Alipomrudishia Zulmira alisema kwa haki kabisa kwamba alama hazitakuwa nzuri, kwa kuwa Kireno kilichomo si kizuri.

"Hakijapata kuwa kizuri," Zulmira akamjibu.

Julai alirudi chuoni, na alama kweli hazikuwa nzuri, zilitosha tu. Huku nyuma Bernardo alilitumia neno lake kama mtu aliyenunua redio. Alimwambia nyapara wa bandarini aliyetaka gunia la ziada. Alimwambia balozi wa nyumba kumi aliyekuja kuhimiza mkutano. Aliwaambia kuku. Sabina alimletea vitumbua kwa makusudi apate kukataliwa, akavila yeye mwenyewe mbele yake, akimtukana kwa utulivu.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ile ya Mei, Landrova ilipokwisha kupinda kona na Zulmira amekaa kibarazani akilipepea daftari wino ukauke, Armando alipanda ngazi polepole. Akaketi karibu naye, kofia kichwani, mikono magotini.

"Mama," akasema, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti wanaowaheshimu, "na mimi nipe neno lile."

Zulmira akampa.